Tusiwasahau waliotundika vioo

Kusini mwa jiji la Hannover, Ujerumani, katikati ya mashamba, kuna mtambo wa fizikia unaoitwa GEO600. Una mikono miwili, kila mmoja mita 600. Wajerumani na Waingereza walianza kuujenga mwaka 1995 kwa bajeti ya kubana, nao ulikusudiwa kunasa mawimbi ya mvutano. Hadi leo hauna ugunduzi hata mmoja unaohesabiwa kuwa wake. Mkaguzi wa hesabu akiupima kwa kigezo hicho peke yake ataandika hasara, na hakuna atakayemlaumu. Mimi nashikilia kwamba fedha za GEO600 ni miongoni mwa fedha zilizotumika vizuri mno katika sayansi ya miaka 30 iliyopita, na sababu yangu ni nyuzi nyembamba ambazo vioo vyake vimening'inia.

Wimbi la mvutano linapopita hurefusha umbali upande mmoja na kuufupisha upande wa pili. La kwanza kunaswa, tarehe 14 Septemba 2015, lilitoka kwenye mashimo meusi mawili, moja lenye uzito wa takriban jua 36 na jingine 29, yaliyogongana na kuungana umbali wa miaka ya nuru kama bilioni 1.3 kutoka hapa tulipo. Lilipoifikia mitambo miwili ya LIGO nchini Marekani, mmoja Hanford katika jimbo la Washington na mwingine Livingston katika Louisiana, liliubadilisha urefu wa mikono yao ya kilomita 4 kwa kiasi ambacho ni kidogo mara mamia kuliko upana wa protoni. Leza ina uwezo wa kuona badiliko hilo. Tatizo ni kwamba leza inapima umbali kati ya vioo, na vioo vinashikiliwa na ardhi, na ardhi haitulii. Mawimbi ya bahari katika Ghuba ya Mexico huitikisa Livingston usiku na mchana. Upepo wa Hanford huyumbisha majengo. Katika hezi 10, yaani mitikisiko 10 kwa sekunde, ardhi tunayoiita tulivu hucheza takriban mara bilioni 10 zaidi ya kiwango ambacho kioo kinaruhusiwa kucheza.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia nyota na mashimo meusi kuna swali la fundi: kioo kitundikwe vipi ili dunia isikifikie?

Jibu linaanza na pendulamu. Funga jiwe kwenye kamba, shika ncha ya juu, sogeza mkono polepole kushoto na kulia: jiwe linakufuata. Sasa tikisa mkono haraka sana: jiwe linabaki pale pale, kamba ndiyo inayohangaika. Kamba ya sentimita 60 hubembea yenyewe kwa hezi 0.64 hivi. Ukiitikisa juu kwa hezi 10, jiwe linapokea takriban sehemu moja tu kati ya 240 za mtikisiko huo. Ukitundika pendulamu ya pili chini ya ile ya kwanza, punguzo linazidishwa kwa punguzo. LIGO ya sasa imetundika nne mfululizo: pande mbili za juu za kilo 22 kila moja, chini yake pande la kilo 40, na mwisho kabisa kioo chenyewe, kilo 40 za silika safi (aina ya glasi), kipenyo sentimita 34. Mnyororo huo wote umeshikwa na meza ambayo nayo hupima mtikisiko wa ardhi na kujisukuma kinyume chake.

Waitaliano na Wafaransa waliojenga Virgo, huko Cascina karibu na Pisa, walishika njia yao. Adalberto Giazotto, mmoja wa waasisi wa mtambo huo, alisisitiza tangu mwanzo kwamba kigunduzi kinachostahili jina hilo kisikilize kuanzia hezi 10, wakati ambapo wenzake wengi waliridhika kuanzia juu zaidi. Kikundi chake kikajenga minara ya kuning'iniza yenye urefu wa karibu mita 8, mnyororo wa pendulamu ulioshikwa juu na miguu inayoyumba taratibu. Giazotto alifariki mwaka 2017, baada ya kushuhudia mtambo wake ukinasa. Nitarudi kwenye hizo hezi 10, maana naamini muda umempa haki.

Lipo jambo moja ambalo watu wengi hawalidhanii. Kioo kinatakiwa kutulia kwenye mstari wa leza, yaani mlalo. Mtikisiko wa kwenda juu na chini ungehusika nini hapo? Unahusika kwa sababu dunia ni mviringo. Vioo viwili vilivyotundikwa kilomita 4 mbali, kila kimoja kinaning'inia kuelekea kitovu cha dunia, na nyuzi zao hazilingani sawasawa, zinapishana kwa pembe ndogo mno. Pembe hiyo inatosha kuugeuza mtikisiko wa wima kuwa wa mlalo kwa sehemu kama moja ya elfu. Ndiyo maana kila ngazi ya juu ya mnyororo imeshikwa na springi bapa za feleji maalumu zinazolainisha wima. Umbo la sayari limeingia kwenye michoro ya mhandisi, na asingeweza kulikwepa.

Hadi hapa tumemshinda adui wa nje. Adui wa pili yumo ndani ya uzi wenyewe, na ndiye aliyewapa watu hawa kazi ya miaka mingi.

Kila kitu chenye joto hutetemeka chenyewe. Mwaka 1951 wanafizikia Callen na Welton waliweka kwenye hesabu kanuni ambayo wahandisi hawa wanaishi nayo kila siku: kadiri kitu kinavyopoteza nishati kwa msuguano wa ndani, ndivyo mtetemo wake wa joto unavyosambaa katika masafa yote. Kitu kisicho na msuguano wa ndani hutetemeka pia, ila mtetemo wake hujikusanya kwenye sauti chache anazozijua mhandisi, na kwingine kote kunabaki kimya. Ukitaka kusikiliza mbingu unasikiliza katika huo ukimya. LIGO ya kwanza ilitundika vioo vyake vya kilo 10.7 kwa waya wa feleji. Feleji ni imara, lakini ndani yake ina msuguano mwingi. Silika, yaani glasi safi kabisa, nishati inayopotea ndani yake ni takriban sehemu moja ya elfu ya ile inayopotea kwenye feleji. Kikundi cha Vladimir Braginsky katika Chuo Kikuu cha Serikali cha Moscow kilionyesha katika miaka ya 1990 kwamba pendulamu ya silika ikisukumwa mara moja ndani ya ombwe, kubembea kwake huchukua miezi kufifia.

Kujua hivyo ni jambo moja. Kutundika mzigo wa thamani kubwa kwa uzi wa glasi, ukauacha humo miaka, ni jambo jingine kabisa. Nani angethubutu kufanya hivyo kwa mara ya kwanza kwenye mtambo wa kilomita 4?

GEO600 walithubutu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikundi cha Chuo Kikuu cha Glasgow chini ya Jim Hough kilitundika vioo vya mtambo ule mdogo kwa nyuzi za silika, uzi na kioo vikiwa mwili mmoja bila chuma katikati. Hakuna kigunduzi kilichokuwa kimefanya hivyo kabla yao. Nyuzi zile zilidumu kazini. Na LIGO ilipokuja kujengwa upya, mfumo wa kuning'iniza vioo vyake ulikuwa mchango wa Uingereza, uliokua moja kwa moja kutoka kwenye kile kilichojaribiwa katika mashamba ya Hannover. Norna Robertson, aliyetoka Glasgow, ndiye aliyeongoza kazi ya mifumo hiyo upande wa LIGO.

Uzi mmoja wa LIGO unastahili kutazamwa kwa karibu. Unaanza kama kijiti cha silika cha unene wa milimita 3. Leza ya kaboni dioksidi inakiyeyusha huku mashine ikivuta ncha zake kwa kasi iliyopangwa kwenye kompyuta. Kinachobaki ni uzi wa sentimita 60, unene wake milimita 0.4 sehemu kubwa ya urefu. Karibu na kila ncha kuna kipande kifupi cha milimita 0.8, na kipande hicho kina akili nyingi. Silika ina tabia ya ajabu: ikipata joto huwa ngumu zaidi. Ikiwa chini ya mkazo wa kiwango fulani, tabia hiyo hufuta kule kutanuka kwa kawaida kunakoletwa na joto, na aina moja nzima ya kelele inatoweka. Uzi ukibeba kilo 10, unene wa milimita 0.8 ndio unaoleta mkazo huo. Sehemu ya katikati imeachwa nyembamba ili uzi ulegee kiwima, mdundo wa kioo wa juu na chini ushuke chini ya hezi 10, na mlio wa uzi wenyewe upande hadi hezi 500 hivi. Nyuzi nne hubeba kioo kimoja.

Kabla ya kutumika, uzi hubebeshwa mzigo mkubwa kuliko utakaokutana nao kazini. Hakuna anayeruhusiwa kuugusa katikati: alama ya kidole au chembe ya vumbi huacha ufa usioonekana kwa macho, na ufa kwenye glasi iliyovutwa hivyo hautabiriki utaamka lini. Ubavuni mwa kioo hubandikwa vipande vidogo vya silika, mafundi wanaviita masikio, kwa tone la kimiminika cha alkali linalogeuka kuwa gundi nyembamba mno. Mbinu hiyo ilibuniwa Stanford kwa ajili ya chombo cha anga cha Gravity Probe B. Kisha nyuzi zinaunganishwa na masikio kwa kuyeyushwa kwa leza pale pale mtamboni, fundi akiwa amevaa mavazi ya chumba safi, kioo cha kilo 40 kikiwa mbele yake. Nadhani mtu akishaona hatua hizo hawezi tena kusema kwamba uhandisi ni utekelezaji tu wa mawazo ya wanafizikia.

Chanda chema huvikwa pete. Pete ya Nobel ya 2017 walivikwa Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne, na sina ugomvi nayo. Weiss aliandika tangu mwaka 1972 orodha ya kelele zitakazompinga yeyote atakayejenga mtambo wa aina hii, mtikisiko wa ardhi na mtetemo wa joto zikiwemo. Kila mhandisi wa vioo anafanyia kazi orodha ile hadi leo. Ninachopinga ni namna hadithi ilivyokuja kusimuliwa: Einstein alitabiri, karne ikapita, mashine ikawashwa, mashimo meusi yakasikika. Katikati ya sentensi hiyo wamefutwa watu waliovuta nyuzi kwa miaka 20 bila kunasa chochote. Madhara yake yanaonekana pale fedha zinapogawanywa, kwa sababu serikali hulipia kile ilichosimuliwa.

Wapo watakaosema nawatukuza mno watu wa nyuzi, na mfano mzuri wa kunipinga upo Virgo. Mtambo huo ulipokuwa ukiboreshwa, nyuzi zake za silika zilianza kukatika zenyewe ndani ya ombwe. Vioo vya kilo 42 vilikuwa vikipoteza nyuzi bila mtu kuvigusa. Uchunguzi ulipita kwenye kila kitu, silika, viungo, namna ya kutundika, hadi ilipobainika kwamba chembe ndogo za vumbi kutoka kwenye pampu za ombwe zilikuwa zikipiga nyuzi. Wakati huo muda wa pamoja wa kusikiliza na LIGO ulikuwa umewadia. Wakuu wa Virgo wakaamua kutundika vioo kwa waya wa feleji, wakijua watapoteza usikivu, na wakaingia kazini tarehe 1 Agosti 2017.

Tarehe 14 Agosti mitambo mitatu ilinasa wimbi kwa pamoja kwa mara ya kwanza. Siku tatu baadaye zikasikika nyota mbili za nyutroni zikiungana. Kwa Virgo mlio ulikuwa hafifu mno, kwa kuwa chanzo kilikuwa upande ambao haisikii vizuri, na hata hafifu huo ulikuwa taarifa: uliwaambia wanaastronomia wapi pa kutafuta, kwenye kipande cha anga cha digrii za mraba kama 28, wakazikuta kwenye galaksi ya NGC 4993. Waya wa feleji ndio uliokuwa umeshika vioo siku hiyo. Je, hoja yangu imeanguka? Sioni hivyo. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na waliouweza ni watu walioijua kelele ya feleji kwa tarakimu, wakajua itawagharimu nini na itawaachia nini. Mwaka 2018 walirudisha silika, pampu zikiwa zimerekebishwa. Anayeujua mfumo wake ndiye anayeweza kuamua lini aridhike na kilichopo.

Sasa nirudi kwenye hezi 10 za Giazotto. Nyota za nyutroni zinapokaribiana huzunguka kwa kasi inayoongezeka, na mlio wake hupanda kutoka masafa ya chini. Ule wa Agosti 2017 ulisikika kwa sekunde 100 hivi, kuanzia hezi 24. Mtambo unaosikia kutoka hezi 10 ungeusikia kwa takriban dakika 17. Unaosikia kutoka hezi 3 ungeusikia kwa saa kama saba. Saa saba zinatosha kugeuza darubini za dunia nzima zikasubiri mlipuko. Mwaka 2017 ilichukua kama saa 11 baada ya mgongano kupata mwanga wake, na kilichotokea katika saa zile za mwanzo hakikuonwa na darubini yoyote ya mwanga wa kawaida. Mashimo meusi makubwa nayo huungana kwa masafa ya chini. Wimbi moja la aina hiyo, lililopewa jina GW190521, lilisikika kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu. Masafa hayo ya chini yote ni eneo la watu wa kuning'iniza vioo.

Na hapo ndipo kazi bado ni ngumu. Leo chini ya hezi 30 hivi, kinachoisumbua LIGO zaidi ni kelele ya udhibiti: vihisi vinavyozuia mnyororo usiyumbe vina kelele zao, na kila unapokirekebisha kioo unakitikisa kidogo. Ndiyo maana vikundi kama cha Birmingham vinatengeneza vihisi vipya vinavyotumia mwanga wa leza kupima mnyororo wenyewe. Chini zaidi kuna adui asiyezuilika kwa mnyororo wowote: ardhi inapotikisika, uzito wake husogea, na mvutano wake hukivuta kioo moja kwa moja bila kupitia uzi. Huyo hupimwa na kutolewa kwenye hesabu tu, au hukimbiwa kwa kuchimba chini.

Kuchimba ndiko Ulaya inakokutaka. Einstein Telescope, mtambo mpya wa kunasa mawimbi haya, imepangwa kukaa mita 200 hadi 300 chini ya ardhi na kusikiliza kuanzia hezi 3. Sardinia, mpaka wa Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani, pamoja na Lusatia mkoani Saxony wanagombea kuupokea. Mazungumzo ya wanasiasa ni mahandaki, ajira na ardhi. Katika mpango huo vioo vya masafa ya chini vitakuwa vya silikoni, uzito wa kama kilo 200, vikipozwa hadi nyuzijoto 10 au 20 tu juu ya sifuri kamili. Joto la leza litatoka kwenye kioo kupitia uzi. Uzi mnene hutoa joto vizuri na huleta kelele. Uzi mwembamba hutulia na hukiacha kioo kikipata joto. Japani imeanza kupambana na mkanganyiko huo kwenye KAGRA, chini ya mlima huko Kamioka, kwa vioo vya kilo 23 vya yakuti samawi vilivyotundikwa kwa nyuzi za yakuti. Wamekutana na utando wa barafu kwenye vioo, usikivu wao bado uko chini sana ya ule wa LIGO, na tetemeko la Noto la tarehe 1 Januari 2024 liliharibu sehemu za mifumo yao ya kuning'iniza. Wapo wanaotaja KAGRA kwa kuibeza. Kwangu mimi KAGRA inafanya sasa kile GEO600 ilifanya wakati ule, inagundua matatizo kabla hayajawa ya mtambo wenye mikono ya kilomita 10.

Mwaka 2025 ikulu ya Marekani ilipendekeza bajeti ambayo ingeikata LIGO kwa takriban asilimia 40 na kufunga mmoja kati ya mitambo yake miwili. Aliyeandika pendekezo hilo aliona mashine mbili zinazofanya kazi moja. Hakuna mnyororo ulio mkamilifu kiasi cha kuaminiwa peke yake: Hanford waliwahi kufuatilia kelele wakakuta ni kunguru wanaodonoa barafu kwenye bomba. Mtambo wa pili, kilomita 3,000 kutoka hapo, ndio unaothibitisha kwamba mlio umetoka mbinguni.

Ombi langu kwa watakaoamua kuhusu Einstein Telescope ni la aina hiyo hiyo. Fungu la majaribio ya kuning'iniza litengwe na lilindwe kabla ya zabuni ya handaki la kwanza, na maabara kama ETpathfinder ya Maastricht, inayojaribu vioo vya silikoni vilivyopozwa, ihesabiwe kuwa sehemu ya mtambo wenyewe. Kampuni zinazoweza kuchimba kilomita 10 za handaki ni nyingi. Wanaoweza kutengeneza uzi wa silikoni utakaobeba robo ya kilo 200 kwenye baridi ile ni wachache mno, wengi wao wako kwenye mikataba ya miaka miwili au mitatu, na wanastahili kuajiriwa moja kwa moja tangu sasa.